Nani Anastahili Heisman, na Tunampimaje

Mabibi na mabwana, vijana wa michezo, ahsanteni kwa kufika.

Ubishi juu ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo vya Marekani huwa hauishi kwa sababu moja kubwa: wanaobishana hawajibu swali moja. Mmoja anauliza nani alicheza vizuri kuliko wote. Wa pili anauliza timu gani ingeanguka kama ingemkosa mchezaji wake. Wa tatu anaangalia timu iliyo kileleni, kisha anachagua jina kubwa kutoka humo. Wote watatu wanasema "anastahili", na kila mmoja anaona mwenzake hajui mpira. Nitakachokitetea leo ni hiki: Heisman ni tuzo ya mchezaji, kwa hiyo tupime kazi aliyopewa mchezaji, aliifanya vipi, na dhidi ya nani. Rekodi ya timu ni ushahidi wa pembeni tu.

Tuanze na misingi, kwa faraja ya wasioufuatilia mchezo huu. Kila timu huingiza watu 11. Timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi 10. Ikifika, inapewa nne nyingine. Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzoni, ndiye anayeamua kupiga pasi, kukimbia nao au kumkabidhi mkimbiaji. Kuuvusha mpira hadi mwisho wa uwanja ni tachidauni, pointi 6. Nitakaposema kipande cha mchezo, nina maana ya muda tangu mpira unapoanzishwa hadi unapokufa. Mechi moja ina vipande vingi, na mchezaji wa kawaida hucheza ama kushambulia ama kulinda, si vyote viwili. Likumbukeni hilo, tutalirudia.

Tuzo yenyewe ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1935 na Downtown Athletic Club ya New York, ikamwendea Jay Berwanger wa Chuo Kikuu cha Chicago. Mwaka ule ilihusu vyuo vya mashariki ya mto Mississippi peke yake. John Heisman, aliyekuwa mkurugenzi wa michezo wa klabu hiyo, alifariki Oktoba 1936, tuzo ikapewa jina lake na ikafunguliwa kwa nchi nzima.

Wapiga kura ni wanahabari 870. Nchi imegawanywa katika kanda sita na kila kanda ina kura 145. Wanaongezeka washindi wa zamani walio hai, kila mmoja na kura yake, na kura moja inayowakilisha mashabiki wote. Karatasi ina nafasi tatu: jina la kwanza hupata alama 3, la pili 2, la tatu 1. Mwenye jumla kubwa ndiye mshindi.

Mfumo huu wa 3, 2, 1 ndio watu wengi wanaopenda kubishana hawausomi. Chukueni mwaka 2008. Tim Tebow wa Florida alipata kura za kwanza 309. Sam Bradford wa Oklahoma alipata 300. Tebow alikuwa mbele, na bado alimaliza wa tatu! Hesabu ni hii. Bradford: kura za kwanza 300, za pili 315, za tatu 196. Zidisheni: 900, na 630, na 196, jumla 1,726. Tebow: 309, kisha 207, kisha 234, jumla 1,575. Katikati yao akakaa Colt McCoy wa Texas na alama 1,604. Zile kura tisa za kwanza zilimpa Tebow faida ya alama 27 tu, wakati kura za pili 108 alizozidiwa zilimgharimu 216. Bradford alionekana katika karatasi 811, Tebow katika 750. Tuzo ilipotelea katika mistari ya chini ya karatasi, mahali ambapo mwandishi mwenye haraka huandika jina lolote lililomjia.

Haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1956 Tommy McDonald wa Oklahoma alipata kura za kwanza 205, nyingi kuliko za Paul Hornung wa Notre Dame aliyepata 197. Hornung akashinda kwa alama 1,066, Johnny Majors wa Tennessee akawa wa pili kwa 994, McDonald wa tatu kwa 973. Notre Dame mwaka huo ilishinda mechi 2 na kupoteza 8, na Hornung ndiye mshindi pekee hadi leo kutoka timu iliyopoteza mechi nyingi kuliko ilizoshinda. Alipiga pasi 3 za tachidauni na pasi 13 zikanaswa na wapinzani. Wanaomtetea husema alifanya kila kazi: alipiga pasi, alikimbia, alipiga mpira kwa mguu, alilinda. Ni hoja halali, kwa sababu inapima kazi yake. Lakini Jim Brown wa Syracuse alimaliza wa tano mwaka huohuo, na kwangu mimi hapo hesabu haisimami. Brown alikuwa mkimbiaji asiyekabika, na Marekani ya 1956 haikuwa tayari kumpa mchezaji mweusi tuzo hiyo. Ilikuja kumwendea Mmarekani mweusi mara ya kwanza mwaka 1961: Ernie Davis, naye wa Syracuse, aliyemshinda Bob Ferguson wa Ohio State kwa alama 53.

Sasa tufike mwaka 2009, kwa kuwa humo mna darasa zima. Ndiyo kura iliyokaribiana kuliko zote: Mark Ingram wa Alabama alama 1,304, Toby Gerhart wa Stanford 1,276. Tofauti ni 28. Kura za kwanza zilikuwa 227 kwa 222. Wa tatu McCoy, 1,145. Wa nne Ndamukong Suh wa Nebraska, 815.

Wekeni wakimbiaji wawili mezani. Gerhart: mikimbio 311, yadi 1,736, tachidauni 26, katika mechi 12. Ingram: mikimbio 249, yadi 1,542, tachidauni 15, katika mechi 13. Anayetazama jumla atasema Gerhart, kwa umbali. Anayegawanya kwa mkimbio ataona Ingram alipata yadi 6.2 kila alipobeba mpira na Gerhart 5.6, tena Ingram aliongeza zaidi ya yadi 300 kwa kupokea pasi. Anayegawanya kwa mechi atarudi kwa Gerhart: karibu yadi 145 kwa mechi dhidi ya 119. Hapa ndipo mjadala unapoharibika: kila upande unachukua kigawanyo kinachoupendelea na kukificha kingine. Mtu mwaminifu huviweka vyote viwili, kisha anauliza kwa nini vinatofautiana. Vinatofautiana kwa sababu Stanford ilimtegemea Gerhart kubeba mzigo, na wapinzani walijua anakuja. Mtu akibeba mpira mara nyingi akiwa ametegewa, wastani wake hushuka. Kushuka huko peke yake si ushahidi kwamba ni mdogo kuliko mwenzake.

Kisha mtazame mechi za mwisho, ambazo wapiga kura huzikumbuka kuliko zote. Novemba 28, dhidi ya Notre Dame, Gerhart alikimbia yadi 205, akafunga tachidauni 3 na kupiga pasi ya tachidauni kwa mkono wake mwenyewe. Siku moja kabla, Ingram alikuwa amekimbia mara 16 dhidi ya Auburn akapata yadi 30. Desemba 5 Ingram akajikomboa katika fainali ya ligi ya SEC: yadi 113, tachidauni 3, Alabama ikaipiga Florida 32 kwa 13. Gerhart hakuwa na mechi siku hiyo, kwani Stanford ilikuwa imeshamaliza ratiba yake. Alama 28 zina nafasi ya kutosha kuingia humo. Asiyecheza Jumamosi ya mwisho huwa anapigiwa kura kutoka kumbukumbu, na mwenzake anapigiwa kura kutoka televisheni.

Na mimi nasema wote wawili hawakustahili mbele ya Suh. Usiku uleule wa Desemba 5, katika fainali ya Big 12, Suh aliwaangusha Texas mara 12. Mara 7 kati ya hizo alimshika mtu nyuma ya mstari, yaani Texas walirudi nyuma badala ya kwenda mbele. Kwotabeki McCoy alimwangusha akiwa bado na mpira mara 4 na nusu. Nusu hutokea walinzi wawili wanapomwangusha mtu pamoja, wakagawana. Texas ilishinda 13 kwa 12 kwa mpira wa kupigwa kwa mguu dakika ya mwisho kabisa. Mchezaji wa katikati ya mstari wa ulinzi, ambaye kwa kawaida hukabwa na watu wawili na kazi yake ni kuziba njia ili wengine wapate sifa, aliitikisa timu isiyofungwa mpaka ikaponea chupuchupu. Kura za kwanza 161 kwa mtu wa nafasi hiyo ni nyingi mno, kihistoria. Kwa kipimo cha kazi aliyopewa na jinsi alivyoifanya, zilikuwa chache.

Tatizo la walinzi ni la vipimo. Mshambuliaji ana yadi, ana tachidauni, ana pasi. Beki wa pembeni akiwa mzuri sana, kwotabeki wa upande wa pili hathubutu kupiga pasi upande wake, na daftari linabaki tupu. Ubora wake unajificha ndani ya vitu ambavyo havikutokea. Ndiyo maana tangu mwaka 2000 hadi 2025, washindi 21 kati ya 26 ni makwotabeki. Watano waliobaki ni Reggie Bush, Ingram, Derrick Henry, DeVonta Smith na Travis Hunter. Kati yao hao, Hunter pekee ndiye aliyelinda.

Kabla yake ulinzi ulikuwa umeshinda mara moja: Charles Woodson wa Michigan, 1997, alama 1,815 dhidi ya 1,543 za Peyton Manning wa Tennessee. Lakini angalieni kilichomvusha. Dhidi ya Ohio State, Novemba mwaka huo, Woodson alinasa pasi ndani ya eneo la tachidauni, alipokea pasi ya yadi 37 akiwa mshambuliaji, na alirudisha mpira uliopigwa kwa mguu yadi 78 hadi tachidauni. Matukio mawili kati ya hayo matatu si ya ulinzi. Beki alilazimika kufanya kazi za watu wengine ndipo aonekane.

Hunter alilipeleka jambo hilo mahali lilipokuwa halijawahi kufika. Mwaka 2024 akiwa Colorado alipokea pasi 92 kwa yadi 1,152 na tachidauni 14, na upande wa ulinzi alinasa pasi 4 na kuzizuia 11, kabla ya mechi ya mwisho wa msimu. Alicheza zaidi ya vipande 100 kwa mechi, wiki hadi wiki, wakati wenzake wa nafasi zilezile hucheza 60 au 70 na kupumzika. Mechi dhidi ya Baylor iliisha pale alipomgonga mkimbiaji kwenye mstari wa tachidauni, katika muda wa nyongeza, mpira ukamtoka.

Mpinzani wake alikuwa Ashton Jeanty wa Boise State: mikimbio 344, yadi 2,497, tachidauni 29 hadi siku ya tuzo. Hunter alishinda kwa 2,231 dhidi ya 2,017, kura za kwanza 552 kwa 309. Watu wa Boise walilia, na hoja yao ilikuwa nzito kuliko walivyosikilizwa. Walioipinga walisema: ligi yake ni dhaifu. Sawa, tupime. Ukitaka kujua kama ligi dhaifu ndiyo iliyompamba mchezaji, tafuta mechi aliyocheza nje yake dhidi ya timu kubwa kuliko zote katika ratiba. Jeanty alikuwa nayo: Septemba 7, ugenini kwa Oregon, mikimbio 25, yadi 192, tachidauni 3, Boise ikafungwa 37 kwa 34. Oregon hiyo ilimaliza msimu wa kawaida bila kufungwa. Hoja ya ligi dhaifu ilikufa siku ile, na waliendelea kuibeba hadi Desemba.

Mimi ningempa Hunter, kwa sababu alifanya kazi mbili kamili na kila moja kwa kiwango cha juu kitaifa. Alichukua tuzo ya mpokeaji bora na tuzo ya mlinzi bora mwaka uleule. Anayempa Jeanty simwoni amepotea. Anayempa Hunter kwa sababu ya ligi ya Jeanty, huyo kafika mahali sahihi kwa njia mbovu.

Hapo Jeanty alilinganishwa pia na Barry Sanders, na ulinganisho wenyewe ulikuwa na kasoro mnayopaswa kuijua. Sanders wa Oklahoma State alikimbia yadi 2,628 mwaka 1988. Jeanty alimaliza na 2,601, pungufu yadi 27, na televisheni ikaifanya ionekane mbio ya sako kwa bako. Sanders alicheza mechi 11. Jeanty 14. Tena mechi za heshima za mwisho wa msimu hazikuingizwa katika takwimu rasmi hadi 2002, kwa hiyo yadi 222 za Sanders katika Holiday Bowl hazimo. Mkizijumlisha ni 2,850 katika mechi 12. Kwa mechi, Sanders wa rekodi rasmi ana karibu 239, Jeanty karibu 186. Kila mnapoona rekodi ya zamani inakaribia kuvunjwa, ulizeni kwanza ilikuwa mechi ngapi na zipi zilihesabiwa.

Kuhusu rekodi ya timu. Mwaka 2023 Jayden Daniels wa LSU alishinda akiwa na timu iliyofungwa mechi 3 kati ya 12. Alipiga pasi yadi 3,812, tachidauni 40, zikanaswa 4 tu. Akakimbia yadi 1,134 na tachidauni 10 nyingine. Wa pili, Michael Penix Jr. wa Washington, timu yake haikufungwa. Wapiga kura walimpa Daniels 2,029 dhidi ya 1,701, na walifanya vyema. LSU ilifungwa kwa sababu ulinzi wake ulivuja, na Daniels hakuwa sehemu ya ulinzi. Kumwadhibu kwotabeki kwa pointi alizofungwa akiwa ameketi benchi ni kumpimia kazi ya mtu mwingine. Rekodi ya timu inasaidia jambo moja: kujua mechi zilikuwa ngumu kiasi gani. Takwimu za robo ya nne timu ikiongoza kwa pointi 35 hazina uzito wa takwimu za robo ya nne mechi ikiwa sare, na hilo utaliona ukifungua mechi moja moja, si kwa kusoma jumla ya msimu.

Nimalizie na muda na uadilifu, yote mawili kupitia mwaka 2005.

Kura hufungwa mara tu baada ya fainali za ligi, mwanzoni mwa Desemba, kabla ya mechi kubwa za mwisho wa msimu. Mwaka 1988 hali ilikuwa ya ajabu zaidi: Sanders alitangazwa mshindi kabla hajacheza mechi yake ya mwisho ya msimu wa kawaida, iliyochezwa Tokyo dhidi ya Texas Tech, na humo akakimbia yadi 332. Mwaka 2005 Bush wa USC alishinda kwa alama 2,541, na Vince Young wa Texas akawa wa pili. Wiki chache baadaye, katika Rose Bowl, Young alipiga pasi yadi 267, akakimbia yadi 200, Texas ikaifunga USC 41 kwa 38 na kutwaa ubingwa. Tangu hapo watu wanadai kura isubiri hadi mwisho. Siungi mkono. Tangu 2024 mchujo wa ubingwa una timu 12, na timu inaweza kucheza mechi nne zaidi. Kura ikisubiri, mchezaji ambaye timu yake haikuingia atashindana na mwenzake aliyeongezewa jukwaa la theluthi ya msimu mzima, na tuzo ya mchezaji itageuka kuwa tuzo ya timu. Hunter, ambaye Colorado haikuingia mchujo, angekuwa wa kwanza kuumia.

Dhamira iliyoandikwa ya tuzo inataja ubora pamoja na uadilifu. Kwa neno hilo la pili, Bush alirudisha tuzo mwaka 2010, baada ya chuo chake kuadhibiwa kwa manufaa ambayo yeye na familia yake walipokea kinyume cha kanuni za wakati ule. Nafasi ya 2005 ikaachwa wazi, Young hakupewa. Kuanzia Julai 2021 wachezaji wa vyuo wakaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na picha zao, na Aprili 2024 wasimamizi wakamrudishia Bush tuzo yake, wakitaja mabadiliko hayo. Naona walifanya haki, na waliichelewesha. Yadi alizokimbia hazikupungua kwa sababu ya nani alilipa kodi ya nyumba ya wazazi wake, na mpiga kura wa 2005 aliombwa ahukumu uwanja.

Tuna nusu saa ya maswali. Atakayemtetea Ingram dhidi ya Suh aanze na mechi ya Auburn.